Mwekundu Hatoki Nyumbani Kwangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Puge, sikupewa mzizi wala kibuyu. Mkuu wa Nyumba, ndivyo tulivyomwita mwanamke aliyetufundisha uganga, alitandika vitambaa vitatu juu ya mkeka: merikani nyeupe, kaniki nyeusi, na kile chekundu ambacho wazee walikiita bendera. Ni nguo zilezile ambazo misafara ya zamani ilizileta Unyamwezi kutoka pwani. Akaniambia, "Wasalimu." Nikacheka nikidhani ananitania. Akanitazama mpaka kicheko kikaniishia.

"Vitambaa ni viti tu," akasema. "Mizimu wanaokaa humo ndio wenye rangi. Mweupe ni mzee, mpe shikamoo. Mweusi ni wa rika lako, mwambie mwangaluka kama mnavyosalimiana kwenu asubuhi. Mwekundu usimsalimu. Ngoja akusalimu yeye. Akinyamaza, mwache."

Vijana wa leo mnadhani uganga ni kupiga ramli na kutangaza dawa redioni. Kazi yetu sisi ilikuwa urafiki. Asubuhi nilikaa na Mweupe nikamweleza nimeota nini na nani kaniudhi. Jioni nilikaa na Mweusi, mara nyingi bila kusema kitu, maana yeye hapendi maneno mengi. Mgonjwa aliyegombana na marehemu wake nilimkalisha juu ya Mweupe. Aliyekosa usingizi kwa mawazo nilimfunika Mweusi mabegani. Nisingeweza kuwaomba hayo kama nisingekuwa nawatembelea siku ambazo sina shida.

Mwekundu alininyamazia muda mrefu. Wenzangu walimkwepa, wakisema ni wa damu na hasira. Mimi hasira nilikuwa nazo tele, mume alikuwa amenikimbia nikiwa na mimba tumboni, kwa hiyo nilimwona ni ndugu. Siku moja napukuchua mahindi, yeye kakunjwa pembeni, nikasikia joto mgongoni kama mtu kaniwekea kiganja. Nililia, na ninaposimulia sioni aibu yoyote.

Baadaye nilipelekwa Ulyankulu, chini ya mganga tuliyemwita Msimamizi. Huyo alikuwa mwoga aliyejificha kwenye ukali. "Huyo Mwekundu mfungie ndani," aliniamuru. "Ni mbwa mkali."

"Wakati wa kuombea mvua nitamfungia, ndiyo desturi, mvua haitaki nyekundu," nikamjibu. "Siku nyingine atatoka na mimi."

"Unabishana na mkubwa wako?"

"Ndiyo, nabishana."

Wiki ile ile mwanamke aliyetoka kujifungua alianza kuvuja damu. Nilimfunga Mwekundu kiunoni, tukampandisha kwenye baiskeli hadi zahanati, nikiwa nimemshika mkono njia nzima. Waliomtibu ni watu wa zahanati, sijiwekei sifa isiyo yangu. Ila njiani aliniambia haogopi tena, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mwekundu. Msimamizi alinifukuza kwa ukaidi wangu. Nikafunga mzigo, nikaja Itetemia, nikafanya kazi kwangu mwenyewe hadi magoti yaliponigomea na nikastaafu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Maisha yangu yote nimepika kwa kuni, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na macho yangu yamekuwa mekundu. Katika nchi yetu hii bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na wengine wamekatwa mapanga kwa hilo tu. Mwaka huu mtoto wa jirani yangu, Mama Neema, alifariki kwa homa. Haikupita hata wiki, minong'ono ikaanza kuzunguka nyumba yangu.

Mwanangu Yohana, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuja mbio kutoka mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unahema?"

"Mama, watu wanasema macho yako yanafanana na kitambaa chako. Choma hicho chekundu tu. Vingine baki navyo. Au twende tukakae kwangu."

"Nikichoma, watasema nimeficha ushahidi. Nikihama, watasema nimekimbia."

"Watakuua!"

"Najua. Naogopa, Yohana. Lakini aliyekaa nami siku nilizokuwa peke yangu simtupi motoni ili waongo walale vizuri."

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao. Nilikwenda nimejitanda Mwekundu kuanzia kichwani. Watu wakasogea pembeni kana kwamba nimebeba nyuki. Mwenyekiti akaanza kunishauri kwa upole nihame "kwa usalama wangu". Nikamkatiza. Nikavua kitambaa, nikakitandika chini katikati yao, nikakaa.

"Anayeniita mchawi aje akae hapa mbele yangu, anitazame machoni, aniambie."

Wanaume waliokuwa wakinong'ona walirudi nyuma ya wenzao. Kisha Mama Neema akainuka. Kama angenitaja yeye, mwenye msiba, nisingefika jioni. Alikaa juu ya Mwekundu, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Alinitazama machoni.

"Ni moshi," akasema, akaangua kilio. "Mama yangu alikuwa na macho haya haya."

Tulikumbatiana palepale, tukamlilia mtoto wake.

Sijidanganyi kwamba yamekwisha. Yohana amenifungia komeo jipya mlangoni, na wapo wanaovuka barabara wakiniona. Mimi kila asubuhi namwanika Mwekundu kwenye kamba iliyo upande wa barabara, aonekane na kila apitaye. Nikifa kwa uzee, semeni nimekufa kwa uzee. Nikifa vinginevyo, msimsingizie mzimu wala rangi. Semeni ni watu, na muwataje majina.