Kanuni Niliyoisikia Nikitoka Eda

Mwaka 2016, msimu wa korosho ukianza, nilikuwa na miaka arobaini na saba na nimo ndani ya eda ya kufiwa na mume. Mwezi uliopita nililetewa habari za kifo cha mtu aliyenijia siku zile, na wasomaji wangu watanisamehe nisipolia.

Alikuwa mkuu wa utumishi ofisini kwetu, mtu wa bara, akiandika tasnifu kuhusu namna wafanyakazi wanavyohukumiana kazini. Alifika kwangu Shangani na maswali yake, asijue kwamba mwanamke wa eda haketi na mwanamume asiye maharimu wake. Wifi yangu alimweka barazani, nami nikamjibu nikiwa nyuma ya pazia. Aliuliza kama asiyekwenda kazini kwa sababu ya dini ni mtoro. Nikamwambia inategemea anayeulizwa katokea wapi. Alifurahi mno, hicho ndicho tasnifu yake ilichodai, kwamba tendo ni lile lile, ubaya wake huamuliwa na kundi la anayelitazama. Wifi akamtania kuwa amesafiri mbali kutafuta jambo linalojulikana na kila mke mwenza.

Eda ilipokwisha aliniita mbele ya kamati ya nidhamu, kwa utoro wa miezi ile. “Mama, dini yako naiheshimu,” alisema, “lakini kanuni haina dini.” Nikavuliwa ukuu wa masijala, nikapelekwa Msimbati kupokea wageni wasiokuja. Tasnifu ilisifiwa, na pazia langu limo ndani yake.

Nilichelewa kusoma, kwa hiyo nilisoma kwa hasira. Shahada niliipata mwaka 2021. Alipostaafu mwaka 2023, kiti chake nilikikalia mimi. Tunapenda kuamini kwamba kila mkuu wa ofisi amebeba mizani kifuani. Marehemu alijua hakuna mizani, akalitetea hilo mbele ya maprofesa, na bado alinipima. Elimu yake ilimwonyesha upofu wa kila mtu isipokuwa wake.

Mjane wake ni karani wetu. Aliomba abaki kwa wakwe, huko bara, hadi arobaini. Ijumaa iliyopita kamati ilikaa, wajumbe wote wakinitazama mimi.

“Mama, msiba wako nauheshimu,” nilimwambia kwa simu, “lakini kanuni haina ukoo.”

Aliuliza kwa sauti ndogo kama ningesema hivyo angekuwa mwanamke wa pwani. Nilimjibu kwamba swali hilo mumewe alikwisha kulijibu, na vizuri sana. Ombi likakataliwa rasmi kabla ya adhana ya adhuhuri. Kujua jinsi watu wanavyohukumu hakumzuii mtu kuhukumu. Kunampa tu maneno yaliyopangika zaidi. Hilo nilifundishwa na marehemu, na sijalisahau.