Mpira Uliopita Kwenye Bomba

Ewald Piontek wa mtaa wetu wa wachimbaji, hapa Ujerumani, alikuwa na mambo mawili ambayo hakuyakosa tangu apate akili zake: misa ya Krismasi na Kombe la Dunia. Kwenye misa alikuwa akisinzia. Kwenye Kombe la Dunia hakusinzia hata dakika moja, kuanzia lile la mwaka hamsini na nne, alipokuwa na miaka kumi akatazama fainali akiwa amesimama juu ya kreti la bia nje ya dirisha la baa, kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kutia mguu. Kwa hiyo mwaka ule wa elfu mbili ishirini na mbili, majani yalipoanza kudondoka, alipoingia baa ya Ulla na kutangaza kwamba safari hii hatazami, watu walidhani ana homa.

Chanzo kilikuwa picha ya gazetini. Jeneza la mbao mpya limefungwa kamba ya nailoni, limewekwa sakafuni kwenye uwanja wa ndege wa Nepal, na pembeni mwanamke kijana ameshika pasipoti ya marehemu kwa mikono miwili. Marehemu alikwenda Ghuba kujenga viwanja vya Kombe hilo. Gazeti lilisema hayuko peke yake, ingawa wakubwa walikuwa bado wanabishania idadi. Ewald aliitazama ile picha mpaka kahawa yake ikapoa. Jeneza la namna ile alishawahi kuliona, tena alilibeba.

Lazima nieleze hapa, maana bila hili utamwona mzee mbishi tu. Ewald alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na minne, na katika mgodi wetu palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: mtu akibaki chini, hakuna anayeshuka, isipokuwa wale wanaokwenda kumtoa. Mwaka sitini na nane mwamba uliporomoka ukawafungia watu wawili, Jupp Szymczak, rafiki yake wa damu, na Mturuki mmoja mpole aliyeitwa Rifat, aliyekuwa na miezi minane tu tangu afike nchini. Wakubwa wakasema zamu ya mchana ishuke upande wa pili, makaa yanasubiriwa. Ewald, kijana wa miaka ishirini na minne, akairudisha mezani taa yake ya shimoni: hashuki. Nyuma yake zikarudishwa taa mia mbili na kitu.

Kisha akashuka na waokoaji, akashika spana, akawa anagonga bomba la hewa lililopita mpaka kule walikofungiwa. Aligonga saa kumi na tisa. Mwanzoni kulikuwa na mikono miwili inayojibu. Baadaye ukabaki mmoja. Jupp alitolewa akiwa hai, amevunjika mguu, anatukana. Rifat alitolewa amefunikwa shuka, na Ewald alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake hadi stesheni ya treni, lirudishwe kwao.

Sasa turudi baani. Watu wa kwetu hawamwachii mtu aseme jambo zito bila kumchokoza.

"Lile Kombe la kwa Warusi si ulitazama?" mmoja akamuuliza.

"Nilitazama. Nilikosea. Mtu akikosea mara moja ndiyo afunge ndoa na kosa?"

"Na wachezaji je, wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea. Wao wacheze, mimi nimenyoosha miguu yangu nyumbani."

"Usipotazama wewe, Ewald, kule Ghuba watajuaje?"

"Hawatajua. Mimi nitajua."

Ulla, mwenye baa, mwanamke mnene mwenye ulimi wa pilipili na moyo wa siagi, akamkazia macho. "Mzee Ewald, unajua unaniambia nini? Nizime televisheni mwezi mzima? Hawa nitawaonyesha nini, sura yangu?"

"Ulla mwanangu, sura yako tumeizoea na bado tunakuja."

Baa ikaangua kicheko, na Ulla akacheka mpaka akalazimika kushika kaunta. Lakini baba yake Ulla naye alikuwa mchimbaji. Siku ya pili televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza cha bibi yake, na mlangoni pamebandikwa kadibodi: Hapa safari hii hatuonyeshi. Ewald akaapa mbele ya wote, kisha akagonga kaunta kwa kifundo cha kidole. Mara moja. Kwa watu wa migodi, kugonga mara moja ni simama. Mara mbili ni kupanda, mara tatu ni kushuka. Hizo alama za lifti ya shimoni, kwetu, hata bibi harusi anazijua.

Hayo yalikuwa mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi daktari akamwambia Jupp kwamba asiagize mti wa Krismasi mkubwa.

Jupp aliishi ukuta mmoja na Ewald, katika zile nyumba za matofali zilizoshikana ambazo mgodi ulituachia. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la miaka yote ile, na mashine ya oksijeni ilikoroma pembeni ya kochi lake usiku na mchana. Alikuwa mjane. Muuguzi alikuja asubuhi, na supu ililetwa na Irmgard, mke wa Ewald. Kwenye kochi hilo Jupp na Ewald walitazama kila Kombe la Dunia tangu mwaka sabini, Jupp kushoto, Ewald kulia kwa sababu yeye ndiye aliyefungua chupa.

"Jumatano ni Japani," Jupp akasema, wiki ya mechi ya kwanza. Aliongea kwa vipande, akivuta hewa katikati. "Saa nane. Utakaa wapi?"

Ewald akatazama zulia. "Jupp, nimeapa."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

"Hata ungekuwa wewe ndani ya jeneza lile—"

"Nusura niwe mimi. Nilifungiwa mimi." Jupp akapumzika, mrija ukimtekenya puani. "Nisikilize, we kichwa ngumu. Yule kijana wa Nepal amejenga kiti, hajawahi kukikalia. Wewe unakataa hata kukitazama. Hiyo ndiyo heshima? Mimi makaa niliyochimba nilitaka watu wayachome. Nilitaka wapate joto, washibe, wasahau kama nipo. Wangesema 'Masikini Jupp, jiko halitawashwa leo,' ningewatia makofi."

"Rifat alipokufa walitaka tushuke siku ileile. Ilikuwa kwao kama mende amekufa. Tungeshuka, Jupp, ingekuwa ni kweli."

Jupp akaupapasa mguu wake uliowahi kuvunjika. Rifat alikuwa amekufa begani kwake, gizani, na katika miaka hamsini na minne hakulizungumzia jambo hilo zaidi ya mara mbili.

"Mlifanya vizuri kukataa," Jupp akasema. "Sikatai. Lakini mimi kule chini sikujua kama mmekataa. Habari za taa nilizisikia hospitali. Kule chini kitu kimoja tu ndicho nilikuwa nakitaka. Mtu wa kugonga."

Ewald alirudi kwake akakaa jikoni na koti mwilini. Irmgard akamwacha kwanza, akamwacha tena, kisha akashindwa.

"Nenda ukatazame mpira na mwenzio. Mungu hana kadibodi mlangoni."

"Nikienda, kesho niwaambie nini kina Ulla?"

"Waambie Jupp anakufa."

"Na yule mama mwenye pasipoti? Yeye nimwambie nini?"

Irmgard akageukia jiko; jibu, hata mimi ninayesimulia sina. Nimemfikiria sana Ewald usiku ule wa mawazo yake, na kila nikimpa haki upande mmoja, upande wa pili unanisuta. Ninachojua ni kwamba hakulala, na alimpenda Jupp kuliko alivyowahi kumpenda ndugu yake wa tumbo moja.

Jumatano asubuhi alikwenda kumkaangia Jupp mayai, akamwekea bia mezani, akaifungua, akaisogeza kulia, mahali pake, kwa mazoea, kisha akaihamisha kushoto. Wote wawili wakaiona ile bia ikihama.

"Basi," Jupp akasema. "Nenda. Utachelewa kutotazama."

Saa nane Ewald alikuwa jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani karibu na bomba la kupashia nyumba joto, anamenya viazi. Alimenya viazi vya kulisha kikosi. Irmgard alimsogezea sufuria nyingine. Kupitia ukutani hakikusikika kitu. Jupp aliitazama televisheni bila sauti, maana mkoromo wa mashine ya oksijeni uliifunika.

Saa nane na nusu na kitu, bomba likalia. Ko. Ko.

Kisu kikasimama. Bomba lile lilitoboa ukuta likaingia nyumba ya pili, lilipita nyuma ya kochi la Jupp kabisa. Lilikuwapo miaka yote, na hakuna aliyewahi kulifikiria.

"Kupanda. Tumefunga," Ewald akasema.

"Hiyo siyo kususia," Irmgard akasema. "Hiyo ni redio ya mabomba."

"Sijauliza. Mimi nimekaa tu."

"Basi usijibu."

Ewald akatazama bomba. Akasimama, akafungua droo ya chini, ile ya vikorokoro, akatoa spana ya zamani iliyokwisha meno. Hakuwahi kumweleza mtu kwa nini haitupi. Akagonga: ko, ko. Upande wa pili kikasikika kitu mithili ya kikohozi, na Irmgard baadaye aliapa kwamba kilikuwa kicheko.

Viazi vikasahaulika. Kwa saa nzima iliyofuata Ewald alikaa ameegemeza kisogo kwenye bomba. Saa tisa na nusu ilipopita likalia mara tatu. Tumefungwa. Akajibu tatu. Hazikupita dakika kumi, tatu nyingine, pole pole, kama mkono umechoka.

"Japani hao," Ewald akanong'ona. "Beki zetu zimelala. Nazijua, zimelala."

"Umezionea wapi?"

"Nyamaza, mke wangu."

Kisha mara moja. Simama. Imekwisha, tumefungwa mbili kwa moja. Ewald akajibu mara moja, akaiweka spana magotini. Alikuwa anatoka jasho kama aliyecheza.

Na hapo bomba likalia tena. Mbili.

"Mpira umekwisha," akasema. "Goli la nani tena?"

Irmgard akamwangalia kwa huruma ambayo mke huilimbikiza miaka hamsini. "Si goli, mjinga wewe. Anataka apandishwe."

Ewald alitoka na ndara, katika ule ubaridi wa Novemba, spana bado mkononi. Alimkuta Jupp kwenye kochi, televisheni imezimwa, kijiko cha supu mkononi, midomo ya bluu, macho yanacheka.

"Nimekosa pumzi ya kutukana," Jupp akasema. "Kaa hapo. Nitukanie."

Ewald akakaa kulia, akatukana. Alimtukana kocha, akawatukana mabeki mmoja mmoja kwa majina, makosa ambayo hakuyaona akayatukana kwa ufundi, na Jupp alikuwa akitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka kwa raha. Nani kati yao alikuwa na haki, siku hiyo hakuna aliyeuliza.

Wakaendelea hivyo. Ujerumani ilitolewa mapema, jambo ambalo siku hizi tumelizoea, lakini Jupp hakuacha kazi. Alitazama na kugonga hata Moroko, hata Kroatia, nchi ambazo Ewald hakuwa na ugomvi nazo. Baani habari zilifika, maana Irmgard ana mdomo. Wengine walisema Ewald amevunja kiapo kwa mlango wa nyuma. Ulla akawauliza nani anataka kwenda kumwambia, na hakuna aliyenyanyuka. Kitambaa cha bibi kilibaki juu ya televisheni mpaka mwisho.

Jumatatu moja, kabla ya nusu fainali, Ewald aligonga mara mbili kumjulisha Jupp kwamba anakuja na mayai. Bomba halikujibu.

Tulimzika Ijumaa. Theluji ilikuwa nyepesi, bendi ya wachimbaji ikapiga, na wazee sita wa mgodini katika sare zao nyeusi wakasimama na kamba, jeneza likiwa juu ya mbao zilizokatiza kaburi. Kwetu mchimbaji hashushwi bila alama, na mtoa alama alikuwa Ewald. Padri alipomaliza, mbao zikaondolewa, sita wale wakabeba uzito kwa kamba. Ewald akapiga magoti, akainama na ile spana, akagonga ubao wa jeneza.

Ko. Ko.

Mikono iliyochimba miaka arobaini haiulizi. Wazee wote sita, kwa pamoja, wakavuta juu. Jeneza likapanda kiasi cha shubiri mbili, likabaki linaning'inia hewani, na padri, ambaye si wa huku, akapoteza ukurasa wake.

Hakuna aliyecheka. Ulla akasogea akamshika bega. "Mzee Ewald," akasema taratibu. "Ni tatu."

"Najua ni ngapi."

Akabaki pale magotini, theluji ikimkaa kwenye ukosi. Wazee walishikilia, na hakuna hata mmoja aliyemharakisha. Kisha akagonga. Moja. Mbili. Akapumua. Tatu.

Wakamshusha. Kamba zilipolegea, Ewald alikuwa bado ameinamisha sikio juu ya shimo, spana tayari mkononi, na alikaa hivyo mpaka Irmgard alipomwinua.