Wifi Yangu na Pesa za Kujaribu

Siku wifi yangu alipopata ruzuku ya serikali nilimchinjia kuku, na kuku huyo nilimchagua mwenyewe: yule mzee aliyeacha kutaga, mwenye nyama ya kuvutana nayo. Wageni walimsifu mpishi kwa heshima huku taya zikifanya kazi. Mama mkwe akasali sala ndefu ya shukrani, akamtaja binti yake, akaitaja serikali, akawataja hata maofisa waliompitisha. Mimi nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa na wivu na sikutaka mtu ajue.

Niseme wazi nilikuwa naona wivu wa nini. Nina karakana ya kuchomelea vyuma pale Otonglo, kando ya barabara, banda la mabati tu. Hapo ndipo nilipobuni kikaushio changu cha omena, dagaa wa ziwa letu: sanduku refu la chuma, trei za wavu ndani, nailoni ngumu juu ya kushika jua. Omena inakauka bila mchanga na bila kuku kudonoa. Akina mama wanaouza omena wamekinunua kuanzia Kisian hadi Luanda Kotieno. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kwangu akiwa hana kazi, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika chuma na kuvaa miwani ya moto. Kwa miaka yote hiyo, mtu akisema "yule mwanamke fundi" katika boma letu, alikuwa anamaanisha mimi.

Baadaye alifungua banda lake Kisian, akaanza kuhangaika na wazo moja: kikaushio kitakachofanya kazi hata wakati wa mvua, kwa kupanga mawe chini ya trei ili yatunze joto la mchana. Hakikufanya kazi. Kila nilipopita kwake harufu ilinipokea kabla ya salamu. Nilikuwa namhurumia, na huruma ile niliipenda.

Kisha serikali ikatangaza pesa za biashara ndogo zinazofanya utafiti wa teknolojia mpya. Tuliomba sote wawili, tukaitwa Kisumu mjini siku moja mbele ya jopo. Mashine yangu niliipaka rangi upya, nikaikodia pikapu, nikavaa nguo ya kanisani. Nilieleza kila kitu, tangu chuma hadi wateja. Walisikiliza vizuri, halafu mama mmoja wa jopo akauliza:

"Mama, ni kitu gani kwa hii mashine bado hujui?"

"Hakuna," nikasema. "Hii naijua yote. Naweza tengeneza nikifunga macho."

Akatabasamu, akaandika. Nilidhani ameniandikia mazuri.

Wifi yangu aliingia baada yangu, na mlango ulibaki wazi. Hakuleta mashine. Alileta mfuko wa omena iliyooza, akaufungua palepale mbele yao. Nikasikia viti vikirudi nyuma.

"Hii ndio imenishinda," akasema. "Mawe inashika moto vizuri, lakini omena inaoza tu. Sijui ni kwa nini. Nataka kujua."

Nilijiziba mdomo nisicheke. Nilimwonea aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Wakampa yeye.

Sikuweza kunyamaza na jambo hilo, kwa hivyo nilirudi mjini kuuliza. Yule mama wa jopo alinipokea kwa adabu, akanipa kiti. "Yako imeiva, Mama," akaniambia. "Hii pesa ni ya kitu ambayo hakuna mtu anajua kama itafanya kazi. Wewe enda benki, watakukopesha." Nilitoka pale nimesifiwa na kunyimwa papo hapo. Yaani ukifaulu unaambiwa ukakope, na ukiozesha omena serikali inakununulia nyingine. Hayo nilimwambia mume wangu jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akawa anaongeza sauti ya redio kila nikianza.

Masika yalipokaribia wifi yangu alikuja karakanani kwangu. "Yuora," akaniambia, kama tunavyoitana sisi wenye undugu wa ndoa, "naomba nikodi mashine yako moja. Wanataka yangu ipimwe kando ya ile watu wanatumia saa hii." Nilikubali haraka kupita kiasi. Nikamwambia nitakwenda naye, mashine yangu isije ikaharibiwa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwepo atakaposhindwa.

Tulizipanga Luanda Kotieno, mbali kidogo na kivuko cha feri, yake na yangu zikitazamana. Mvua ikanyesha kama tulivyotaka. Yangu ilifanya nilichojua ingefanya: omena ililala humo baridi na mbichi, ikinuka. Hilo halikunisumbua, mimi huuza mashine ya jua. Macho yangu yote yalikuwa kwake. Asubuhi moja akavuta trei ya juu, na omena ikamwagika kama uji. Mawe yalikuwa bado na joto, lakini samaki walikuwa wameiva nusu na kuoza nusu. Nilifurahi. Ikabidi nigeukie ziwa ili asiione furaha hiyo.

Nilipogeuka tena alikuwa amechuchumaa, mkono ndani ya sanduku, akipapasa nailoni kwa ndani. Mkono ulitoka ukidondosha maji. Akapiga simu ofisi ya ruzuku, nami nikamsikia akieleza yote bila kuficha, uji, harufu, maji. Halafu akawa anaitikia tu, ndio, ndio, uso ukizidi kufunguka. Walikuwa wanamwambia anunue omena nyingine, atoboe mahali pa hewa kutokea, ajaribu tena.

"Wamefurahi?" nikauliza.

"Wamesema sasa tunajua. Ni mvuke inarudi chini."

Hapo nilishindwa. "Yuora, mimi nikiharibu omena ya mtu nalipa. Inatoka kwa unga ya watoto. Wewe unaharibu na unapigiwa makofi."

Hakukasirika. Alijifuta mkono kwenye leso aliyojifunga kiunoni. "Najua," akasema. "Ndio maana hujawahi jaribu kitu ingine tangu ile ya kwanza. Si ati huwezi. Watoto wangekula nini?"

Afadhali angenitukana. Tulimwaga ile omena kwa bata wa jirani, tukaosha trei pamoja, tukaachana.

Wiki iliyofuata mteja alikuja Otonglo akitaka kikaushio kama cha dada yake. Nikawasha mashine ya kuchomelea. Nilikata vyuma, nikaunga pembe, nikafunga wavu, mikono ikienda yenyewe, kwa sababu kichwa changu kilikuwa bado Luanda Kotieno ndani ya lile sanduku la mawe, kikitafuta mahali pa kutoboa. Juu, karibu na paa? Au ubavuni, joto lisikimbie lote? Sikujua. Nilijaribu kukisia nikashindwa, nikajaribu tena, na mteja akaniita mara mbili kabla sijamsikia. Alilipa, akashukuru, akalipakia sanduku lake akaenda.

Nilibaki nimeshika pesa zake. Ruzuku sikuiwaza tena. Nilichokitaka kilikuwa ile trei ya omena iliyooza, iwe yangu.