Msumeno Uwanjani

Buchani walimwita Msumeno. Kazi yake ilikuwa mashine ya kukata mifupa, na mwenye bucha alipenda kusema kwamba mama huyu, kama ile sheria ya wahenga, hukata mbele na nyuma. Alikuwa mfupi, mabega mapana, mikono imejaa makovu madogomadogo. Tangu asubuhi alisimama mbele ya ule utepe wa chuma wenye meno, akisukuma mapaja ya ng'ombe, unga wa mifupa ukimrukia kidevuni. Wateja walimpenda kwa maneno yake. "Mfupa huu unauweza, baba, au nikuchagulie wenye huruma na meno yako?"

Mumewe alikuwa mwashi. Siku moja jukwaa la mbao lilimfyatukia juu ya jengo, akaanguka kwenye rundo la kokoto. Habari zilimkuta Msumeno mashineni. Alikimbia hospitali vilevile alivyokuwa, na buti za mpira na aproni yenye damu. Alipofika walikuwa wameshamfunika.

Msibani alishindwa kulia. Sebule ilijaa watu, mama mkwe wake amekaa sakafuni ameegemea ukuta, na yeye macho makavu kama changarawe. Mdogo wa marehemu, aliyekuwa kinyozi, akaja akasimama mbele yake.

"Umemwendea kaka yangu na damu ya ng'ombe," alisema. "Na leo hata chozi huna?"

Akampiga kofi. Kichwa cha Msumeno kiligonga kabati, hereni ikamtoka, sikio likaanza kuvuma. Watu wazima waliojaa pale wakatazama mikeka. Msumeno akaokota hereni yake, na kuanzia siku hiyo kila mfupa aliousukuma kwenye mashine aliupa jina la shemeji yake.

Miezi ikapita. Jumapili moja mchana alimpelekea chakula mdogo wake, fundi simu, ambaye nyuma ya duka lake alikuwa na chumba cha kuchezea gemu: runinga kubwa ukutani, mabenchi, feni inayolalamika. Humo alimkuta kinyozi amekaa katikati ya benchi la mbele kama bwana harusi, pedi ya kuchezea mapajani, anawachinja watu.

Gemu lenyewe lilikuwa la wapiganaji. Unachagua mtu wako, unamlea kwa vita, anapata nguvu na silaha, mpaka anastahili kuingia uwanja wa mchanga ambako watu wanauana mbele ya umati. Mtu wa kinyozi alikuwa jitu la deraya nyeusi ya chuma, ngao upana wa mlango, upanga mrefu. Alijificha nyuma ya ngao mpaka mwenzake achoke, kisha akamchoma tumboni na kumnyanyua juu, miguu ikitapatapa.

"Karibu, shemeji," alisema kinyozi bila kugeuka. "Njoo uone watu wanavyochinjwa. Ingawa wewe umezoea."

Benchi zima likacheka. Msumeno aliweka chakula mezani, akatazama lile jitu likipangusa upanga, akaondoka. Kesho yake, bucha ilipofungwa, alirudi.

"Nifundishe," alimwambia mdogo wake.

"Dada, wewe hata simu unaishika kama tofali."

"Nifundishe kuliua lile jitu."

Alichagua mwanamke mfupi mwenye shoka, ambaye hakuna aliyewahi kumgusa pale chumbani. Mwanzoni alikufa vifo vya kila namna. Mbwa wa uwanjani walimrarua koo. Mapacha wenye ndoano walimvuta huyu huku na yule kule mpaka akatoka vipande viwili. Fahali wa chuma alimsaga ukutani. Kila alipokufa alikunja uso, akabonyeza, akaanza tena. Baadaye akaanza kuua. Mbwa aliwapasua vichwa hewani kabla hawajatua. Mapacha aliwaacha warushe ndoano zao, akazikata kamba, kisha akamlaza mmoja juu ya mwenzake. Kwa kila ushindi mwanamke wake aliongezeka nguvu, na shoka likabadilika: la kutu, la chuma, la pande mbili.

Mdogo wake alimwonya mara kwa mara kuhusu mstari wa kijani upande wa chini wa kioo cha runinga, ambao ndio pumzi ya mpiganaji. "Ukipiga ovyo unaisha, dada. Ukiisha, umekwisha."

"Nimeolewa katika ukoo ule," alisema. "Kusubiri najua."

Fundi simu alipotangaza mashindano, Msumeno akaandikisha mwanamke wake. Watu walidhani ni utani. Alimtoa fundi wa kuchomelea kwa kumkata mguu na kumwacha atambae. Alimtoa mwanafunzi wa chuo kwa shoka la mgongoni. Vicheko vikapungua. Ilipofika fainali, aliyebaki alikuwa kinyozi, na masharti yalikuwa kwamba bingwa ni anayeua mara mbili.

Mara ya kwanza kinyozi alimwahi. Upanga ulipita shingoni, kichwa cha mwanamke wa shoka kikabingirika hadi kwenye miguu ya umati.

"Sasa lia, shemeji," kinyozi alisema taratibu. "Maana huyu ni wako."

Mara ya pili Msumeno alisimama tu. Jitu likaja na ngao, akarudi nyuma. Likachoma, akakwepa. Umati wa kwenye runinga ukazomea, benchi nalo likazomea. Kinyozi alikosa subira. Alirusha upanga mara tatu mfululizo, mstari wake wa kijani ukakauka, na ngao ikashuka kidogo. Shoka likaingia hapo hapo, penye bega. Mkono wa ngao ukaanguka mchangani pamoja na ngao yake. Msumeno akapiga tena pale pale, kama mtu anayetafuta kiungo cha mfupa, mpaka jitu likapiga magoti na kifua kikafunguka.

Mara ya tatu kinyozi alicheza kwa hasira, akibonyeza vitufe kama anaua kunguni. Mwanamke mfupi alilikata goti la kulia, akazunguka, akalikata la kushoto. Jitu likakaa mchangani na deraya yake yote. Alilipiga utosini, shoka likazama hadi mabegani, damu ikajaa kioo.

Kinyozi akasimama, akamrushia fundi simu pedi usoni, akamgeukia shemeji yake na mkono umeinuka.

Kofi halikufika. Msumeno alikamata kifundo cha mkono, akamvuta, akampiga kichwa cha uso. Pua ilivunjika kwa sauti ambayo kila mtu alisikia. Akampiga ngumi ya mdomo, akavunja kidole chake mwenyewe kwenye meno ya yule bwana, akapiga tena na kidole hicho hicho. Benchi likapinduka. Alimbana ukutani chini ya runinga, mikono miwili shingoni, akakaza. Uso wa kinyozi ukawa wa zambarau. Watu walimvuta kwa mabega, yeye hasikii. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyemng'oa, kwa kumkumbatia kiunoni na kujitupa naye chini.

Kilichomtisha baadaye, alipokaa nje akitazama kidole kilichopinda, ni kwamba alipokuwa anamkaba, mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Ilikuwa kazini.

Kikao kiliitwa nyumbani kwa mama mkwe. Baba mdogo wa marehemu alizungumza sana kuhusu heshima, akamaliza kwa kusema kwamba mwanamke aombe radhi, yaishe.

"Kwa shingo naomba radhi," alisema Msumeno. "Nilitaka kuua, na si vizuri. Kwa pua siombi."

Baba mdogo akataka kupandisha sauti. Mama mkwe akamkatiza.

"Wewe ulikuwepo siku ya kofi," alimwambia. "Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa pale chini, ningenyoosha mkono ningeshika mguu wa huyu mwanangu. Nilitoka kupoteza mmoja, nikaogopa kumuudhi aliyebaki. Nikamwacha mke wa mwanangu apigwe nyumbani kwangu."

Kinyozi alikaa na pamba puani, akitazama vidole vya miguu yake. Kisha alisema, kwa sauti ya mafua, "Kwa kofi naomba radhi."

"Na maneno?" aliuliza Msumeno.

"Na maneno, shemeji."

Hawakupatana zaidi ya hapo. Wakikutana njiani wanaulizana hali ya mama, kila mtu anashika yake, na kinyozi hakukanyaga tena chumba cha gemu.

Aliyekuja ni mama mkwe. Jumapili iliyofuata alisukuma pazia la mlango na fimbo yake, wale wa benchi wakasimama wote kumpisha, akakaa kando ya Msumeno aliyekuwa amefungwa kidole kwa bendeji.

"Nimeambiwa una vita," alisema. "Nionyeshe."

Msumeno akamwingiza mwanamke wake uwanjani. Kutoka lango la pili likatoka jibaba lenye nyundo ya mawe. Bibi akalitazama kwa makini, kidevu juu ya fimbo.

"Huyo akipigwa anaumia?"

"Haumii, mama. Ni picha tu."

"Basi mpige vizuri."