Ng'ombe Aliyesimama Juu ya Mawe

Kwetu Butembo mahari ni mbuzi. Mbuzi hana makuu: utamfunga nyuma ya pikipiki, utambeba mabegani, na ukimweka juu ya jiwe atarukia jiwe la pili bila kuombwa. Kwa hiyo kaka yangu alipotuambia kwamba amempenda msichana wa Masisi, wa watu wa ng'ombe, nyumba nzima ilishika kichwa. Mama aliuliza kama huyo msichana hana rafiki wa Beni, kwa jirani zetu wa mbuzi.

Kwa ajili ya vita, barabara ya Masisi haikuwa ya kuteremshia ng'ombe siku zile, na bado si ya kuteremshia. Wazee wa pande zote mbili wakaelewana kwa simu: ng'ombe wa kweli atasubiri amani, na siku ya mahari italetwa sanamu yake, ipokelewe kwa heshima zote za ng'ombe mwenye pumzi. Basi macho yote yakanigeukia mimi. Kazi yangu ni kutengeneza vitu vidogo: chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya urefu wa kidole, mama anayeuza makaa, nyumba ya mbao yenye mlango unaofunguka. Watu wa ofisi za Himbi, hapa Goma tunapoishi, huvinunua na kuviweka mezani kwao, na ndugu zangu huiita kazi hiyo michezo. Siku hiyo, ghafla, nikawa fundi wa ukoo. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Ng'ombe nilimtengeneza vizuri. Baba mdogo, aliyechaguliwa kuwa msemaji wetu, alinionya kwamba msemaji wa upande wa pili ana wajibu wa kutafuta kasoro. Ndiyo desturi yao, na asipoipata ataonekana amelala. Tukajiandaa kwa maswali ya pembe, kwato, kiwele na mkia. Kisha nikafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ardhi ya kumsimamishia, kwa sababu sanamu isiyo na ardhi huonekana imepotea njia. Natumia mastiki ya mafundi bomba, ile ya vipande viwili, kimoja cheupe na kimoja cha kijivu, unayoikanda kwa vidole vyenye maji mpaka iwe rangi moja. Unaitandaza juu ya kibao, na kabla haijashika unaikandamizia jiwe la volkano. Ukilibandua, matundu yote ya jiwe yamebaki kwenye mastiki. Najua kuna watu huko duniani wanaonunua vifaa vya kazi hii. Sisi wa Goma tunainama tu na kuokota. Nikapaka rangi nyeusi, nikapitisha majivu kidogo juu ya migongo ya mawe, na nikaona hakuna aliyewahi kutengeneza lava kama ile.

Wakwe walikuwa wamepanga nyumba Ndosho, pembeni mwa mji. Baba wa msichana alikuwa mzee mrefu mwenye kofia pana, mfugaji aliyeteremka mjini kwa sababu ya vita bila hata ndama mmoja. Alikaa kimya kwenye kiti chake, kwa kuwa siku kama hiyo anayesema ni msemaji. Na msemaji wao, mwanamume mfupi mwenye koti refu, alimzunguka ng'ombe wetu kama mtu wa forodha ya Bunagana aliyenusa kitu. Akatazama pembe, akakubali. Akatazama kiwele, akakubali. Baba mdogo alishaanza kutabasamu. Ndipo yule bwana akainama.

"Hii ngombe yenu iko muzuri," alisema. "Lakini bakwe, minawauliza: itakula nini? Majiwe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Baba mdogo, aliyekuwa na majibu ya pembe tu, alisema neno baya kuliko yote ambayo angeweza kusema.

"Itazoea."

"Itazoea! Musikie!" Msemaji akawageukia watu wake. "Na mutoto wetu naye, akifika kwenu, atazoea kukula majiwe?"

Sasa hakuna aliyecheka. Mama wa msichana aliinamisha uso. "Murudi nayo," msemaji akasema, na sikuweza kujua kama bado anatania. Ng'ombe akirudishwa, posa imerudi pamoja naye, na wajomba wa msichana walikuwa wakitafuta sababu tangu mwanzo, maana hawakuwapenda watu wa mbuzi. Kaka yangu alikuwa akitoka jasho hadi kwenye tai. Niliogopa kweli, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ile lava nzuri ilikuwa yangu.

Nikapiga magoti. "Muzee, munipatie ruhusa. Nitaotesha majani hapa hapa."

Mastiki nilikuwa nayo kwenye mkoba, kwa kuwa nilihofia pembe itavunjika kwenye pikipiki. Nikamng'oa ng'ombe kwa kisu, nikakanda, nikaifunika lava yangu, nikaanza kuchokoa majani kwa kijiti cha meno. Nilihitaji kitu cha kijani. Kutoka nyuma ya pazia, ambako msichana alitakiwa kukaa bila kusikika, ikarushwa sponji ya kuoshea sahani. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani. Niliinyofoa upande wake wa kijani, nikawa naupandikiza uzi baada ya uzi.

"Hapana vile," sauti ikasema juu yangu. "Huku kwetu kulikuwa mulima."

Alikuwa baba wa msichana. Alivua kofia, akachovya kidole gumba kwenye maji ya kunawia, akaanza kusukuma mastiki. Mteremko ukainuka. Akachora njia kwa ukucha, akabonyeza mahali pa kunyweshea.

"Muzee," msemaji wake akalalamika, "wewe uko upande wetu!"

"Nyamaza kwanza, iko inakauka."

Akamchukua ng'ombe wangu na kumzamisha kwato kando ya maji. Nilikuwa nimemwelekeza kwa wageni, uso mbele. Yeye akamgeuza, akampa mlima.

"Ikimaliza kukunywa, inaangaliaka nyumba," alisema. Akabonyeza alama ndogo ya nyumba juu kabisa ya mteremko, akabaki ameiwekea kidole. Kisha akafuta mkono kwenye suruali. "Tumeipokea."

Siku ya arusi ya kanisa, mzee alimleta ng'ombe akamweka kwenye meza ya maharusi, naye ng'ombe akawapa wageni wote matako, picha kwa picha. Mpiga picha alinung'unika. Kaka yangu akaja kuninong'oneza nimgeuze, dakika moja tu.

Nilimwambia mastiki imeshakauka. Ni kweli ilikuwa imekauka. Lakini kisu nilikuwa nacho, kwenye mkoba uleule, na nisingemgusa ng'ombe yule hata angenipigia magoti.