Chapati ya Kwanza

Mukuye karibu, bandugu, musikilize! Mama yangu, hapa Kisangani, alikuwa anapika chapati laini mpaka inzi anateleza juu yake. Lakini ile ya kwanza, kikaango haiyapata moto muzuri, ilikuwa ya papa, baba yetu, kila siku. Papa alikuwa anasema: "Muniachie ya kwanza, iko tamu kupita zote." Sisi wote tuliamini. Mama hakuionjaka hata siku moja.

Papa akakufa. Mama akakataa kula, siku ine chai tu. Akakonda mpaka kivuli yake ikakuwa munene kumupita. Sisi batoto tukaogopa: kweli, tutazika babili?

Alors, basi, mimi mwenyewe nikakanda unga, nikasukuma, nikachoma. Ya kwanza ikatoka. Hakuna mutu alitia mukono. Ikabakia kwa sahani, sote tunaiangalia, machozi inashuka.

Mama akaivuta, akauma. Ikalia kaa, kama mutu anatafuna kiatu. Akatafuna mpaka masikio ikatikisika, kisha akapiga kelele:

"Mungu wangu! Huyu mwanaume alinidanganya miaka yote! Muniletee ya pili!"