Filimbi ya Pito

Jumanne, kwenye ofisi ya kata ya Pito, mzee mmoja mbele yangu alikuwa anaomba kibali cha uwanja wa shabaha shambani kwake.

"Risasi zitaishia wapi?" mtendaji akauliza.

"Kwenye kichuguu."

"Na nyuma ya kichuguu kuna nini, mzee?"

"Njia ya kisimani. Lakini majirani wameshazoea. Nikipiga filimbi, wanalala chini."

Mtendaji akaweka kalamu mezani. "Wameshazoea? Kwa hiyo umeshaanza?"

Mzee akageuka, akitafuta shahidi kwenye foleni. Mama aliyekuwa nyuma yangu, kanga yake imejaa tope kuanzia kifuani mpaka magotini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba. Leo ulisahau filimbi."

Bunduki nitaisahau. Ile shikamoo bado inanitetemesha.